Bado Mbichi

Mimi subira sikujaliwa, Ujiji nzima inajua. Ndiyo maana saluni yangu ilikuwa na draya: mteja anaoshwa, anasetiwa, anaingiza kichwa, saa moja baadaye anajitazama kwenye kioo na kwenda zake. Lakini Ijumaa ile ya mwaka tisini na nane umeme ulikatika tangu alfajiri, na saa mbili kamili Honorata alikuwa mlangoni kwangu, kilemba mkononi, anataka nywele za mawimbi.

Honorata alikimbia vita Uvira, ng'ambo ya ziwa. Katika kugombea mashua, binti yake Evaline, wakati huo wa miaka minne, alipakiwa mashua nyingine. Miaka miwili alimtafuta. Wiki ile ndipo alipoambiwa yuko Gungu, kwenye nyumba wanakolelewa watoto waliopoteana na wazazi. Akaenda mbio. Mtoto alimtazama, akajificha nyuma ya mlezi. Bwana Dismasi, msimamizi wa pale, akamweleza kwa upole kwamba hawezi kumkabidhi mtoto kwa mtu ambaye mtoto mwenyewe hamjui. Arudi Ijumaa saa sita wajaribu tena, maana Jumamosi watoto wanahamishiwa mkoa mwingine.

"Nilienda na kilemba, dada," aliniambia. "Uvira kila Jumapili kanisani nilikuwa na mawimbi. Atanijua kwa hayo."

Nikamweleza ukweli. Nywele zake zilikuwa na dawa, na nywele za dawa ukizifungua kabla hazijakauka zinalala chapachapa, wimbi hulioni. Bila draya, saa nne hazitoshi. Akasema kwao draya hakuwahi kuiona; alikuwa akisokota vifundo Jumamosi asubuhi na kukaa navyo uani mpaka vikauke. Nikafyonya, nikachota maji.

Nilimwosha, nikagawa nywele mafungu kumi na sita, kila fungu nikalisokota na kulizungusha mpaka likawa kifundo, nikalibana pini. Kisha nikamtoa nje apigwe upepo. Upepo gani? Wingu lilikuwa limekaa juu ya ziwa, hewa nzito, hata kanga kwenye kamba hazitikisiki. Nikachukua kawa nikawa nampepea. Kila baada ya muda nabonyeza kifundo kwa kidole. Bado mbichi. Nazunguka upande wa pili, nabonyeza. Bado mbichi. Nikaanza kumgombeza kana kwamba maji yanatoka kichwani mwake. Yeye anakaa, anasimama, anauliza saa, anakaa tena. Mkono ukipanda kichwani naupiga kofi.

Saa tano nikafungua kimoja cha kisogoni, kujaribu tu. Kikaanguka kimenyooka kama utambi. Honorata alikishika kwa vidole viwili, machozi yakamshuka. Nilijionea haya kwa makelele yangu yote. Mimi pia niliogopa, basi tu ulimi wangu haujui kuogopa kimya kimya.

Nikakisokota upya. Ikapita pikapu inarudi Kibirizi kwa njia ya Gungu kuchukua dagaa, nikaisimamisha, tukapanda nyuma. Nilimkataza kilemba, upepo wa njiani ukaushe, nami nitamfungua mlangoni. Kwa hiyo alipita mjini na vifundo vyake kumi na sita, watu wanatucheka, mimi nawarudishia maneno ambayo sitayarudia hapa.

Tulipofika nikabonyeza. Bado mbichi. Nikamwambia asubiri kidogo, ila Bwana Dismasi alikuwa ameshafungua mlango. Akamkalisha kwenye kiti katikati ya chumba na kumwomba asimwite mtoto, asimnyooshee mikono. Mimi nikabaki kizingitini, nimekamata kitana, najilaani. Hata kilemba sikumpa. Nimemleta mama wa watu amekaa kama aliyefukuzwa saluni.

Evaline akaingizwa. Mwembamba, gauni limempwaya. Akamtazama usoni, kama siku ile ya kwanza, na uso haukumwambia kitu. Honorata alikuwa ameshika magoti yake kwa nguvu. Mlezi alitaka kumrudisha mtoto. Ndipo macho ya yule mtoto yakapanda juu ya kichwa.

Akaja polepole, akapita ubavuni, akazunguka nyuma ya kiti. Akainua kidole akabonyeza kifundo, vilevile nilivyokuwa nikifanya mimi tangu asubuhi. Halafu akajaza hewa mashavuni, akapuliza.

"Bado mbichi, mama," akasema, akahamia kingine.

Honorata akajifunika uso kwa mikono yote miwili. Mimi nililia kwa sauti, wala sikuona haya. Bwana Dismasi akakohoa, akamuuliza mtoto kama anamjua huyu mama. Evaline hakumjibu. Alikuwa kwenye kifundo cha tatu.