Moshi Unaoshuka

Mzee Magesa alitoka Bunda na jogoo, gunia la viazi vitamu na jina. Jogoo na viazi alivikabidhi mlangoni. Jina alibaki nalo.

Lilikuwa jina la mtoto wa Enoka, mwanawe wa kwanza, aliyefanya kazi katika ofisi za halmashauri pale Butiama. Mtoto alikuwa na majuma sita. Kwenye kadi ya kliniki alikuwa bado ameandikwa "Mtoto wa Hyasinta", kwa jina la mama yake, kwa sababu katika ukoo wao baba hampi mwanawe jina babu akiwa hai. Jumapili, baada ya ibada, Mzee Magesa angelitamka mbele ya watu. Alikuwa ameamua mtoto aitwe Mugeta.

Mugeta alikuwa mdogo wake. Alihamia Mugango akavua samaki, na kwa miaka mingi hawakusalimiana kwa sababu ya shamba la pamba la marehemu baba yao. Miaka tisa iliyopita wazee waliwaita wapatane. Katika ukoo wao, wanaopatana huwasha moto mmoja na kuutazama moshi kabla ya kula. Ukipanda, waliotangulia wameridhia, na watu hula. Ukilala chini, hakuna anayegusa chakula. Asubuhi ile, uani kwa Mugeta, karibu na ziwa, moshi ulilala. Ulitambaa juu ya nyasi mpaka ukafika kwenye miguu ya Magesa. Wazee wakainuka mmoja mmoja. Magesa akarudi Bunda bila kumega tonge. Baada ya miaka miwili Mugeta akafa, na kaka yake hakwenda kumzika, kwa kuwa hakujua angesimama wapi kati ya waombolezaji.

Mzee Magesa alikuwa Mkristo, tena mzee wa kanisa. Lakini moshi ule hakuweza kuutoa moyoni. Jina la mjukuu ndilo lililokuwa njia pekee iliyobaki ya kumrudisha ndugu yake nyumbani, na aliogopa sana kukataliwa mara ya pili.

Jumamosi alasiri Enoka alikuwa amekwenda Musoma kununua mchele na soda za sherehe. Hyasinta alikuwa amekaanga perege, na harufu ya samaki ilikuwa imejaa sebuleni. Baba mkwe na mke wa mwanawe hawaongei ana kwa ana, wala hawapokezani kitu mkono kwa mkono. Kwa hiyo Hyasinta aliingia kimya, ameinamisha kichwa, akaweka juu ya meza ndogo kitu kilichofanana na kilima. Kilikuwa cheusi, cha udongo wa kuchoma, kimo chake kama cha chungu kidogo. Ubavuni kilikuwa na ngazi zilizoshuka hadi kwenye kibakuli. Kileleni aliweka kipande cha udi kilichochongoka kama pia, akakiwasha, akapuliza mwali ukazimika. Alifunga madirisha, akavuta pazia, akaondoka.

Mzee Magesa alifurahi. Alijua anafukiziwa kama mgeni wa heshima. Kwa kuwa chumba kilikuwa kimetulia, aliona ni wakati mzuri wa kuliombea jina. Aliinamisha kichwa, akanong'ona, "Mugeta, nataka nikurudishe nyumbani." Kisha akainua macho.

Moshi ulikuwa unashuka.

Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Moshi uliendelea kushuka. Ulikuwa mweupe na mzito kama maziwa, nao ulimiminika kutoka ngazi moja hadi nyingine, ukajaza kibakuli, ukafurika juu ya kitambaa cha meza. Kutoka hapo ulianza kudondokea sakafuni, upande aliokaa yeye. Mzee Magesa alipandisha miguu yote miwili juu ya kochi.

Alikuwa bado amekaa hivyo Enoka alipoingia na mizigo yake.

"Baba, mbona umepandisha miguu?"

"Sakafu ina baridi."

"Na jua lote hili?"

"Baridi ya wazee haiulizagi jua."

Enoka alicheka, akaweka mchele chini. "Na jina je? Umekuja nalo, au umelisahau stendi ya Bunda?"

"Jina halisahauliki."

"Basi nidokeze hata herufi ya kwanza."

"Kesho ni kesho," alisema Mzee Magesa. Alitamani kuuliza habari za kile kilima, lakini kilikuwa kitu cha mkwewe. Tena, kuuliza kungemlazimu kueleza alichokiona. Udi ulikuwa umeshaungua, na kilima kilikaa pale kama pambo lisilo na neno na mtu. Alianza kujiuliza kama kweli aliona alichokiona.

Asubuhi ya Jumapili alisema goti linamuuma, waende kanisani bila yeye, wageni wangemkuta nyumbani. Alisikiliza hatua zao mpaka zikapotea barabarani. Kisha akafunga madirisha kama alivyoona mkwewe akifanya, akavuta pazia, akakisogelea kilima.

Chini ya meza palikuwa na kikapu chenye pakiti mbili za udi. Moja ilikuwa na picha ya maporomoko ya maji, nyingine ya ua. Maandishi yalikuwa ya lugha asiyoijua. Alichukua kipande kutoka kwenye pakiti ya ua, akakiweka kileleni, akakiwasha.

"Mugeta," alisema, "mtoto abebe jina lako?"

Moshi ulipanda. Ulinyooka kama uzi hadi darini. Mzee Magesa alipiga magoti, akashukuru kwa sauti, na machozi yakamtoka. Angeishia hapo angepata amani. Lakini mtu aliyewahi kukataliwa haamini ndiyo ya kwanza. Alitaka kusikia tena. Safari hii mkono wake uliangukia pakiti ya maporomoko. Aliuliza swali lile lile kwa maneno yale yale.

Moshi ulishuka.

Akawasha kipande kingine cha pakiti ya ua. Ukapanda. Akawasha kingine cha maporomoko. Ukapanda kidogo, ukasitasita, ukashuka. Kila alipouliza alipata jibu, na majibu hayakuwa na kichwa wala miguu. Jasho lilimtoka kwenye kipara.

"Mugeta," alisema hatimaye, "ulikuwaga mkaidi. Lakini hukuwaga kigeugeu."

Ibada ilikuwa imekwisha, naye hakusikia mlango ukifunguliwa. Hyasinta alisimama kizingitini na mtoto mikononi, Enoka nyuma yake. Waliona madirisha yamefungwa, njiti za kiberiti zimetapakaa, kitambaa kimeingia madoa ya mafuta ya udi, na mzee wa kanisa amepiga magoti mbele ya pambo.

Mkwe angefanya nini? Alimtazama mtoto. "Mwanangu, mwambie babu asisogeze uso sana, moshi huu unawashaga macho."

Mzee Magesa naye alimjibu mtoto, bila kuinuka. "Mjukuu wangu, muulize mama yako kwa nini mlima wake una ndimi mbili. Jana umesema hapana. Leo umesema ndiyo, hapana, ndiyo, hapana. Nishike lipi?"

Hyasinta alijiziba mdomo kwa kanga. Alipoona mzee hafanyi mzaha, aliacha kucheka. Alimpa Enoka mtoto, akachukua kipande kimoja kutoka kila pakiti na kuviweka mezani, vitako juu. "Mwanangu, mwonyeshe babu," alisema. "Hiki kina tundu, hiki hakina."

Mzee Magesa alivisogeza karibu na miwani. Kipande cha maporomoko kilikuwa na tundu dogo lililopita katikati. Cha ua kilikuwa kizima.

"Baba, ni mchezo tu," alisema Enoka. "Kile chenye tundu, moshi unapitia ndani kwenda chini. Ukipita humo unapoa. Moshi ukipoa unakuwa mzito, unashuka. Ndiyo maana tunafunga madirisha, upepo usiuvuruge. Watu wanapambia nyumba."

"Moshi ukipoa unashuka."

"Ndiyo."

"Huu wa udi."

"Wowote ule."

Mzee Magesa alikirudisha mezani kile chenye tundu. "Hata wa kuni?"

"Hata wa kuni. Asubuhi yenye baridi na ukungu, kuni zikiwa mbichi, unatambaa chini. Si unaonaga jikoni wakati wa masika?"

Alikuwa ameona. Alikuwa ameona maisha yake yote, kila masika, jikoni kwa mama yake na jikoni kwa mkewe, na hakuwahi kufikiri kwamba moshi wa jikoni na ule wa Mugango ulikuwa kitu kimoja. Alikaa sakafuni. Siku ile ya mapatano mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Mugeta mwenyewe alileta kuni, akaomba radhi kwamba zimelowa. Ukungu ulikuwa bado juu ya ziwa.

Aliwasimulia yote. Enoka, aliyejua tu kwamba baba yake na baba yake mdogo hawakuelewana, alisikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hiyo hakunikataa," alisema Mzee Magesa. "Au alinikataa, na kuni zikalowa vilevile. Enoka, wewe umesoma. Ni lipi?"

"Sijui, Baba."

"Kama moshi ni baridi tu, basi na huu uliopanda leo haukusema kitu."

"Haukusema kitu."

Nje, wageni walianza kubisha hodi. Mzee Magesa aliinuka kwa kushika meza, akanyoosha mikono, akampokea mtoto. Wageni walipokaa alisema, kwa sauti iliyowafikia wote, "Anaitwa Mugeta." Vigelegele vilipigwa. Mtoto alipiga miayo. Hyasinta akaandika jina kwenye kadi kwa kalamu ya wino.

Kabla pilau haijapakuliwa, mzee alimwomba Enoka ampigie simu Jenoveva, mjane wa Mugeta. Enoka aliiweka simu kwenye spika, nayo ikaita kwa muda mrefu.

"Mimi Magesa," alisema.

"Magesa gani?"

"Magesa wa Bunda. Shemeji yako."

Upande wa pili palikuwa na kuku na mtu akikata kuni.

"Nimepata mjukuu," aliendelea mzee. "Nimempa jina la ndugu yangu. Nataka nimlete umwone, kesho. Nije pia pale alipolala."

Upande wa pili shoka liliacha kukata.

"Njooni mchana," alisema Jenoveva. "Asubuhi naanikaga dagaa."

Simu ikakatwa. Mzee Magesa, simu ikiwa bado mkononi, akamgeukia mwanawe.

"Amekubali, au amekataa?"

"Amesema mchana, Baba."