Mvua ya Vijiti

Kwa kukamata kumbikumbi, njia nzima ya kutoka Kasongo kwenda Kabambare haikuwa na mwanamke wa kumshinda Julienne. Wengine wangoje mvua ya Mungu, shauri yao. Yeye aliitengeneza mwenyewe. Alichimba shimo kando ya kichuguu, akalifunika kwa majani, kisha akagongagonga udongo kwa vijiti viwili, taratibu, mpaka wajinga wale wa ndani waamini kwamba inanyesha. Wakatoka kwa furaha, mbawa juu, moja kwa moja shimoni. Wala hakuwachukia. Ndoo ikijaa aliziba tundu kwa udongo, akaupigapiga kwa kiganja mara mbili, akawaambia, "Muzaane. Tutaonana mwaka kesho." Kichuguu hakimalizwi chote, ndivyo mama yake alivyomfundisha.

Basi Alhamisi moja, saa tisa za mchana, kitu kikatokea juu ya kilima. Kikubwa, cheupe, kimetulia hewani bila sauti. Watu walikimbilia nyumbani wakafunga milango. Mwalimu Célestin, jirani yake, alipaza sauti dirishani kwamba wenye akili ya kurusha kitu kama kile hawawezi kuwa wabaya, watatuheshimu tu, maana sisi nasi tuna shule. Mwalimu naye na maneno yake! Julienne alikuwa amemkumbatia binti yake wa miaka tisa, Sarah-Grâce, nyuma ya mlango.

Ndipo honi ikalia kilimani. Mara mbili, kimya kidogo, mara moja. Ilikuwa honi ya pikipiki ya Salomon, mume wake, aliyekwenda kuchimba dhahabu Salamabila miaka miwili iliyopita, asirudi wala kutuma neno.

"Mama, ni baba," mtoto akasema. "Iko anakuja. Fungua."

Julienne alikuwa ameshashika komeo. Miaka miwili ya kulala akitega sikio barabarani si mchezo. Lakini kupitia ufa wa mlango alimwona Célestin ametoka mbio, analia kwa furaha, anamwita mama yake, na mama huyo walimzika wote pamoja msimu wa mpunga uliopita. Nyuma yake alikuja mzee Apolline, akimwita mwanawe aliyepotea vitani. Kila mlango ulifunguka, kila mtu na jina lake mdomoni. Walipanda kilima kuelekea kile kitu cheupe, mikono juu.

Mikono juu. Kidole cha Julienne kikafa ganzi kwenye komeo. Honi ililia tena, vilevile, haikusogea karibu wala mbali, na katika barabara ile ya mashimo hakuna pikipiki inayolia sawasawa namna hiyo. Mbuzi aliyefungwa nje alikuwa anatafuna majani yake, hata sikio hakulitikisa.

Vijiti, alijisemea. Wanatugongea vijiti.

Na kama ni yeye kweli? Kama ni Salomon, amechoka, ana njaa, na mke wake amemfungia mlango? Hilo alilihofia kuliko kile kitu cheupe. Hata hivyo alimvuta mtoto chini, akamlalia, akamziba masikio kwa viganja. Sarah-Grâce alimuuma mkono mpaka damu, akampiga mateke, akamwita mchawi. Julienne hakumwachia. Honi iliita, ikaita, na yeye masikio yake hakuwa na wa kumzibia.

Kisha kukawa kimya. Alichungulia: kilima kilikuwa kitupu, nyumba za jirani ziko wazi, sufuria ya mtu inaungua jikoni. Aliwalilia. Lakini tusidanganyane, ndani ya kilio kile kulikuwa na majivuno kidogo pia, kwamba kijiji kizima kimedanganywa, yeye peke yake amewashinda hao wenye akili.

Hapo kitu kikagusa mabati juu ya vichwa vyao. Kilikuwa chepesi, bila hasira, kama kiganja. Kikapiga mara moja, kikanyanyuka, kikapiga mara ya pili.

Sarah-Grâce akauliza ni nini. Julienne alimbana kifuani, maana maneno yanayofuata aliyajua, alikuwa akiyasema mwenyewe kichuguuni.