Chumba cha Wageni, Mbande

Marietha alifika Mbande siku ya Ijumaa akiwa na nia moja tu: kumweleza mdogo wake ukweli. Maneno alikuwa ameyapanga tangu anatoka kwake Kawe, na kila foleni iliposimama njiani aliyarudia, ili yasije yakamtoka makali kupita kiasi. Monica alikuwa anajimaliza. Nyumba yake imegeuka stendi. Mume ni mchungaji, sawa, wito ni wito, lakini ni wito gani huo ambao mwenye nyumba hapati hata kiti cha kukalia?

Haki ya kusema alikuwa nayo. Mama yao alipofariki kule Masasi, Marietha ndiye aliyembeba Monica mgongoni, akamsomesha, akamsimamia hadi ndoa. Siku dayosisi ya kule Kusini ilipomtuma shemeji yake Anselmo kufungua kanisa huku Mbande, pembezoni kabisa mwa Temeke, alilia kama aliyefiwa. Wakati huo kulikuwa na mihogo, mikorosho na nyumba zilizoishia kwenye linta. Walianza kusali chini ya turubai. Sasa palikuwa na kanisa la matofali yasiyopigwa lipu, lililoezekwa bati, na ubavuni mwake nyumba ya vyumba vitatu: kimoja cha wazazi, kimoja cha watoto, na cha tatu cha wageni. Hicho cha tatu hakijawahi kukaa kitupu. Leo wanakwaya kutoka Nachingwea, kesho mwinjilisti aliyeachwa na basi, keshokutwa mjane anayefuatilia mafao ya mumewe.

Siku hiyo alimkuta humo binti mwembamba, tumbo limemtangulia, amelala ubavu.

"Shikamoo mama," binti alisema, akijaribu kuinuka.

"Marahaba, lala tu mwanangu." Marietha akamfuata mdogo wake jikoni. "Yule nani?"

"Mauwa. Katokea Newala. Mimba ya kwanza iliharibika, wakamwambia safari hii akae karibu na hospitali kubwa. Mjini hapa hana mtu."

"Muumini wenu?"

"Mwislamu. Mwinjilisti wetu wa kule ndo kampa namba yangu." Monica akamsogezea ungo. "Dada, hebu nisaidie kupeta huu mchele. Kesho kamati ya misheni inakuja."

Marietha akaiahirisha hotuba yake. Kamati ya misheni haikuwa jambo dogo. Mwenyekiti wake, mzee Brightson, alikuwa anakuja na mkewe kuikagua kazi, na tayari zilishavuma habari kwamba kuna wajumbe wanaoona Mbande hapazai kitu, heri mchungaji ahamishiwe kwenye watu wengi.

"Watalala wapi?" aliuliza.

"Hapo ndo bado natafuta."

"Utafute nini, Moni? Binti ahamie sebuleni siku mbili, basi. Hatakufa."

Monica aliacha kukuna nazi. Hakukasirika, Marietha hakuwa amemwona akikasirika tangu utoto. Alimtazama tu.

"Sebuleni wanapita watu wote, dada. Ana miguu imevimba, anaamkaamka kwenda uani. Mie nilimwambia hiki chumba ni chake mpaka ajifungue. Simtoi."

"Hata kwa ajili ya mwenyekiti?"

"Hata kwa ajili ya mwenyekiti."

Akajifunga khanga, akavuka barabara kwenda kwa Bi Khairiya. Marietha alimfuata, nusu kwa hasira na nusu kwa kutaka kuona. Bi Khairiya alikuwa mama wa Kiarabu aliyezaliwa Buguruni, ambaye mwanawe Awadh aliuza vifaa vya ujenzi kwenye fremu za mbele ya nyumba. Aliwakaribisha kwa kahawa na kashata. Monica alipomaliza kueleza shida yake, yule mama alicheka mpaka ushungi ukamdondoka mabegani.

"Mwenyekiti wa kanisa alale kwangu? Haya, makubwa! Kile chumba cha uani mashuka nimebadilisha juzi. Lakini mwambie mapema, mama mchungaji, adhana ya alfajiri hapa tunaisikia kama iko chini ya mto."

Wageni walifika Jumamosi mchana. Mzee Brightson alikuwa mrefu, mkavu, suti ya kijivu imenyooka licha ya safari yote ile ya kutoka Kusini. Mkewe, mama Jesca, alikuwa mnene, mpole, mwenye kupenda kuuliza. Walipokwisha kunawa na kukaa, Monica akawaeleza wazi mbele ya watu wote: chumba cha wageni kina mgonjwa, kwa hiyo wao watalala ng'ambo kwa jirani. Hakuomba radhi mara kumi wala hakutafuta maneno ya kupaka mafuta. Marietha aliinamisha uso kwa aibu.

"Kwa jirani muumini?" mama Jesca aliuliza.

"Jirani Mwislamu, mama. Mtu wa karibu yetu sana."

Mzee Brightson alisema "Aha," akaendelea kunywa chai. Marietha alijaribu kuusoma uso ule, asiambulie kitu. Ukawa wakati wa kula. Kulikuwa na wali wa nazi, kisamvu na kuku, na sahani ya kwanza Monica aliyopakua hakuiweka mezani. Aliipeleka chumbani kwa Mauwa. Mzee aliifuata sahani ile kwa macho mpaka ikapita mlangoni. Marietha alitamani sakafu ipasuke immeze.

Mvua ilinyesha kuanzia machweo hadi kunapambazuka. Jumapili asubuhi kanisa lilijaa hivyo hivyo, watu wameshika viatu mkononi. Monica alikuwa mbele anaongoza kwaya, sare ya kitenge cha bluu imempendeza, na Marietha, aliyekaa benchi la nyuma, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwona Mauwa. Alikuwa amesimama mlangoni, ameshika fremu kwa mikono yote miwili, gauni limelowa na si kwa mvua.

Marietha hakuwahi hata kuinuka. Monica alishaona. Alimwachia mwenzake uongozi katikati ya ubeti, akashuka kupita mbele ya mwenyekiti bila kugeuka, akamshika binti kiunoni.

"Dada, gari."

Gari dogo la Marietha lilikuwa la kuendea kazini na sokoni, na alilipenda, hakutaka mtu ale muwa ndani yake. Sasa Mauwa alilala kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Monica, akiuma khanga. Wakapita maduka. Baada ya maduka barabara ilishuka bondeni, na pale bondeni, palipokuwa na udongo jana, palikuwa na tope jekundu tupu. Gari likaingia, likayumba, likazama. Marietha akakanyaga mafuta; magurudumu yakarusha matope na kuzidi kujichimbia.

"Moni, limekwama! Nifanye nini? Limekwama!"

"Acha kukanyaga, dada. Toa mguu." Sauti ya Monica ilikuwa ya chini, ile ile ya kumwombea mgeni maji ya kuoga. "Mauwa, nishike mkono. Minya, usinihurumie."

Hapo ndipo Marietha aligundua kwamba kule nyuma kwaya imenyamaza. Aligeuka. Kanisa zima lilikuwa linateremka bondeni. Anselmo mbele, joho jeupe amelikusanya kiunoni, akina mama wamepandisha vitenge magotini, vijana wanakimbia. Kutoka upande wa maduka alikuja Awadh na wafanyakazi wake, mbao mabegani, mabeleshi mkononi. Na nyuma ya mchungaji alikuja mzee Brightson, anavua koti huku anatembea.

"Mzee, wewe kaa hapo pembeni," Awadh alimwambia.

"Kijana, nimelima korosho maisha yangu yote. Nionyeshe pa kushika."

Wakapenyeza mbao chini ya magurudumu. Walimu wa Sunday School, wazee wa kanisa na muuza chipsi aliyeacha jiko lake linawaka, wote wakainama. "Haya, moja... mbili... sukumaaa!" Marietha alikanyaga taratibu kama alivyoelekezwa, machozi yanamtoka bila yeye kujua. Gari likatikisika, likarudi nyuma, likatikisika tena, halafu likachomoka topeni kwa kishindo na kupanda upande wa pili. Kwenye kioo aliwaona wamesimama bondeni, hawajulikani nani mchungaji na nani fundi, wote rangi moja. Hakuna aliyeshangilia. Walikuwa wameinua mikono, wanaomba.

Hospitali muuguzi alimchukua Mauwa kwa kiti cha magurudumu, akageuka mlangoni.

"Ndugu wa mgonjwa ni nani?"

"Mimi," Monica alisema.

"Na mimi," Marietha akajisikia anasema.

Mtoto wa kike alizaliwa mchana ule ule. Mama yake alitokwa na damu nyingi, wakamwongezea, na daktari alisema wangechelewa kidogo tu habari ingekuwa nyingine. Monica alisikiliza, akashukuru, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi na kulia kimya kimya. Marietha alikaa kando yake. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kumwona anaelemewa.

"Huchokagi, Moni?"

"Nachoka sana, dada. Kuna siku nikisikia hodi najifungia chooni." Akajifuta na ncha ya kitenge. "Lakini tulipokuja mjini mara ya kwanza, mie na Anselmo tulilala siku nne pale Ubungo, kwenye mabenchi ya stendi, mtu aliyetuahidi kutupokea akazima simu. Sijawahi kukwambia. Nilijua ungekuja kunichukua."

Marietha aliinuka. Alimshika mkono wakaondoka.

Walirudi Mbande jua limeshapungua ukali. Uani waliwakuta mama Jesca na Bi Khairiya wamekaa kwenye vigoda, wanasugua masufuria na kubishana kuhusu pilau. Watu walikuwa wamekula, hata wale wa dukani. Na kwenye benchi barazani alikaa mzee Brightson, ametulia, amevaa kanzu nyeupe ya Awadh inayomwishia nusu ya miguu, suti yake inachuruzika kwenye kamba.

"Mtoto?" aliuliza.

"Wa kike, baba. Mzima. Na mama yake mzima."

Mzee aliinuka. Alimpa Monica mkono, akashika wa kwake kwa mikono yote miwili.

"Nilipokuja nilikuwa nimejiandaa kukagua ibada," alisema. "Ibada nimeiona leo, tena nilikuwa ndani yake. Sijui wenzangu kwenye kamati watanielewa vipi, lakini nitawaeleza."

Walimwelewa, au walichoka kubishana naye. Kwa vyovyote, Anselmo na Monica waliachwa Mbande. Mauwa alirudi kwenye chumba kile kile, akakaa humo hadi arobaini, Bi Khairiya akimkanda kwa maji ya moto na Marietha akija kila Jumamosi na samaki wabichi kutoka Kawe, anapika mwenyewe na kuwafukuza wengine jikoni. Mumewe Mauwa alipofika kutoka Newala na gunia la korosho, waumini walikuwa na hakika mtoto ataitwa Monica. Akaitwa Somoe, jina la bibi yake mzaa baba.

Baadhi ya kina mama walinung'unika. Monica alikuwa amempakata mtoto, anamchezesha kidevu.

"Somoe," alimwita, akifurahi kweli kweli. "Una kwenu, mama. Una kwenu."