Pumzi ya Kuazima

Kiwanda cha saruji kilipoanza kuula mlima wetu, kilitangulia na mashamba ya viazi, kwa hiyo aliyetaka kula ilimbidi akasage mawe. Mume wangu alipangiwa kinuni, kwenye vumbi jingi kuliko kote. Baada ya miaka si mingi alikuwa akipanda ngazi za nyumba yetu kwa vituo, nami nikimtania kwamba nimeolewa na basi la abiria. Alicheka, na kucheka kukamkohoza.

Kila mwaka wafanyakazi walipuliza bomba la kupimia mapafu mbele ya nesi. Mshale wake usipopanda, mtu anarudishwa kwao mikono mitupu. Watu wa mlimani tukaona kidole kimoja hakivunji chawa: mgonjwa alimtuma ndugu mwenye kifua kizima, avae kofia na barakoa yake, apulize kwa jina lake. Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alimpulizia kaka yake mwaka hadi mwaka.

Mume wangu alipoanza kutema damu, tulikwenda watatu, yeye, mimi na shemeji, kwa meneja kuomba kiwanda kimtibu. Meneja akatukaribisha vitini.

“Mama, mumeo ana mapafu ya simba. Juzi tu kapuliza mshale ukagonga mwisho. Hiyo ni sigara.”

“Hajawahi kuvuta.”

“Basi ni baridi ya huku kwenu.”

Shemeji akashindwa kuvumilia. “Niliyepuliza ni mimi, bosi. Miaka yote. Nifungeni mimi, kaka mtibuni.”

Meneja hakukasirika, na kwa hilo namchukia mpaka leo. Alimkagua shemeji kifua kama mtu anayechagua dume mnadani.

“Kaka yako katudanganya. Kazi hana, matibabu hana. Ila wewe, mapafu hayo ulikuwa umeyaficha wapi? Kinuni pana nafasi sasa. Njoo Jumatatu.”

Nje nilimwambia, “Shemeji, ukiingia humo usikanyage kwangu.”

“Dawa za kaka atanunua nani?” akaniuliza.

Akaingia. Dawa zilikuja, hazikufua dafu. Mwaka uliofuata tulimzika mume wangu. Shemeji alifika makaburini na vumbi lake la zamu, akashika jembe, akachimba kidogo, akasimama ameliegemea, kinywa wazi. Waombolezaji walidhani ni majonzi. Mimi nimelala kando ya pumzi ile miaka mingi, naijua.