Yai Kwenye Maji ya Majivu

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumatatu tarehe 9 Septemba, karatasi ya manjano iligeuka buluu mkononi mwa Joanita. Alikuwa ameishika karibu na dirisha la chumba cha uchunguzi cha kituo cha afya kimoja mjini Rumonge, akaisubiri dakika nzima kama maelekezo yanavyosema, kisha akailinganisha na rangi zilizochorwa kwenye kopo lake. Haikuwa buluu ya kutilia shaka.

Kitandani alikuwa amelala Salima, miaka ishirini na mitatu, mimba ya wiki ishirini na saba. Mimba yake ya kwanza ilitoka wiki ya ishirini na tisa, mwaka juzi. Hilo lilikuwa limeandikwa kwenye faili lake kwa wino mwekundu.

"Karatasi hii ilitakiwa ibaki manjano," Joanita alimwambia. "Huko ndani ukeni kuna uchachu wake, kama wa maziwa ya mgando. Uchachu ule ndio ulinzi. Wako umekwisha. Unajiosha na nini?"

Salima alitazama mlango kabla ya kujibu. "Maji ya majivu."

"Ndani?"

"Ndani. Kila asubuhi, baada ya sala. Shangazi anasimama nje ya bafu, anasikiliza kama maji inamwagika."

Joanita aliandika. Alikuwa muuguzi kwa miaka tisa na hakuwa na desturi ya kushangaa mbele ya mgonjwa. Aliweka ute kidogo kwenye kioo, akatazama kwa darubini, akaona alichotarajia: seli zimefunikwa na vijidudu hadi kingo zake hazionekani. Alipofunua kope la chini la Salima, nyama ya ndani ilikuwa nyeupe. Damu ilipopimwa ilisoma nane na nukta tisa. Inatakiwa ifike kumi na moja.

"Unakula nini?"

"Bugali na mboga ya lengalenga."

"Na ndagala?"

"Amenikataza. Anasema hii harufu yangu ya samaki inatoka kwa samaki."

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Aliyeingia alikuwa Batuli, shangazi mwenyewe, mwanamke wa miaka sitini hivi, mrefu, kitenge kimefungwa vizuri, kadi ya mimba ya Salima mkononi. Ndiye aliyemlea Shafii, mume wa Salima, baada ya mama yake kufariki. Ndiye pia aliyemfunda Salima siku saba kabla ya ndoa.

"Mumechelewa," alisema. "Mumemukuta na nini?"

"Subiri nje, mama. Nitakuita akiniruhusu."

"Huyu ni muke wa mutoto wangu. Hakuna kitu yake mimi sijaona."

Joanita alimgeukia Salima. Salima aliinamisha kichwa kidogo, kwa namna ya mtu anayekubali ili asije akalipia baadaye nyumbani. Joanita alisema kwa kifupi: vijidudu vya kawaida vimezidiwa na vingine. Si ugonjwa wa uzinzi, si uchafu. Kuosha ndani kunaongeza vijidudu hivyo. Kwa mwenye mimba, ugonjwa huo huenda pamoja na kuzaa kabla ya wakati.

"Kwa hiyo mimi ndiyo niliua mutoto wa kwanza," Batuli alisema.

"Sijasema hivyo. Sijui kilichomtoa mtoto wa kwanza, hakuna aliyempima. Nasema cha leo."

"Nimefunda mabibi-harusi kumi na wawili hapa Rumonge. Wote walioshwa na maji ya majivu, wote wamezaa. Nyanya yangu alitoka nayo Ujiji. Weye umetoka na nini? Na kadi ya mgao ya kambi."

"Ndiyo, nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania," Joanita alisema. "Huko pia nilisoma. Mama, maziwa ya mgando mpe, anywe. Sina ushahidi mkubwa kwamba yanatibu huku chini, lakini yanalisha. Kitunguu saumu kitie kwenye mboga. Ndani asiwekewe kitu, wala maziwa, wala kitunguu, wala ndimu, wala majivu. Nje aoge na maji matupu. Na ndagala ale kila siku, na vichwa vyake. Harufu haitoki kwenye sahani."

Alimpa Salima vidonge vya siku saba, viwili kwa siku, na vya kuongeza damu. Batuli alinyoosha mkono kabla Salima hajashuka kitandani, akavitia kwenye mkoba wake.

"Nitamupa mimi," alisema. "Murakoze, asante sana, muganga wa karatasi."

*

Alhamisi, saa nne kasorobo, Salima alirudi peke yake. Aliketi ukingoni mwa benchi, upande mmoja, na Joanita alijua kabla ya kuambiwa kwamba kukaa kunamuuma.

Alikuwa amepewa vidonge viwili, Jumatatu jioni na Jumanne asubuhi. Vilivyobaki vilitupwa chooni. Batuli alisema vinamtia kichefuchefu mtoto.

"Na kujiosha?"

"Ameongeza. Asubuhi na jioni. Zamani alikuwa anachanganya, kikombe kimoja kwa beseni. Tangu tulipotoka kwenu hachanganyi tena. Anasema tuone nani anajua."

Joanita alimchunguza. Ngozi ilikuwa imebabuka, nyekundu, mahali pawili imechubuka. Vijidudu havifanyi hivyo. Aliwahi kuona vidonda vya aina hiyo kwenye mikono ya wapika sabuni waliokuja kufungwa bandeji.

"Mume wako anafanya kazi gani?"

"Sabuni. Ya mawese."

"Maji ya magadi anayapata wapi?"

"Anayatengeneza mwenyewe. Anachoma mikungu ya michikichi, majivu anayatia kwenye pipa, anapitisha maji."

"Na haya ya shangazi yanatoka wapi?"

"Kwa mabibi-harusi wengine alikuwa anachoma maganda ya ndizi, kidogo, kwenye chungu. Kwangu anateka kwa pipa. Alisema majivu ni majivu."

"Mume wako anapitisha maji mara ngapi?"

"Mara tatu. Kila mara majivu mapya. Bila hivyo sabuni haishiki."

Joanita aliweka kalamu chini. "Sikiliza. Hata yale ya maganda ya ndizi hayafai. Lakini haya si yaleyale. Haya ni ya kupikia sabuni." Alimpa vidonge upya, safari hii katika bahasha ndogo isiyo na maandishi, na marhamu ya kupaka nje. "Naweza kuja nyumbani kuzungumza nao, ukitaka. Usipotaka, siji."

"Ukija watasema nimeleta mutu wa kambi kunitetea." Salima alikunja bahasha mara mbili, akaificha ndani ya blauzi. "Nitasema mimi. Ninajua ambaye Shafii atamwamini."

"Nani?"

"Yai lake."

*

Karakana ya Shafii ilikuwa nyuma ya nyumba yao, upande wa barabara ya Kizuka: paa la mabati, sufuria mbili kubwa, fremu za mbao za kumimina sabuni, na pipa la majivu lililowekwa juu ya mawe, ndoo chini yake. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto alitumbukiza yai bichi kwenye maji yaliyochuja. Likizama, maji bado dhaifu, anayarudisha juu ya majivu mapya. Likielea na kuonyesha kipande cha ukubwa wa sarafu, maji yamefika. Hakuwahi kupika bila yai, na hakuwahi kugusa maji yaliyofika bila glavu za mpira. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kovu la mwaka aliokuwa bado anajifunza.

Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi, Salima aliingia na chupa ya plastiki ya lita moja, imejaa nusu. Batuli alikuwa ameketi kwenye kigoda, anakata sabuni za jana kwa waya.

"Pima hii," Salima alisema.

"Iko nini?" Shafii aliuliza.

"Pima kwanza."

"Salima, nina kazi. Leo ni Ijumaa, nataka nimalize kabla ya sala."

"Yai linachukua muda gani?"

Batuli aliitambua chupa. "Rudisha hiyo pale ulipoitoa," alisema. "Mwanamuke haleti mambo ya bafu mbele ya mwanaume."

"Shangazi, bafu sijaisema mimi. Umeisema weye."

Shafii alivaa glavu. Alimimina maji kwenye kopo, akalitia yai polepole kwa kijiko. Yai lilishuka kidogo, likarudi juu. Kipande cha ganda kilichobaki nje ya maji kilikuwa kikubwa kuliko sarafu.

"Hii imeshafika," alisema. "Imepita. Umeitoa wapi?"

"Ndiyo ninayooshwa nayo. Ndani. Asubuhi na jioni, bila kuchanganya, tangu Jumatatu. Na kikombe kwa beseni tangu nilipoolewa."

Shafii alitazama yai, kisha shangazi yake.

"Ni majivu tu," Batuli alisema. "Weye umeisha kupoteza akili kwa ajili ya msichana wa kituo cha afya? Majivu ni dawa. Yanatoa harufu. Bibi yako alioga nayo."

"Bibi alikuwa na pipa?"

"Majivu ni majivu."

"Shangazi, bibi alikuwa na pipa? Alipitisha mara tatu?"

"Usiniulize kama polisi. Nimekulea. Nilikuosha mavi na mikono hii. Huyu mwanamuke alikuja hapa ananuka, mimi nikamusitiri, sikumusema mtaani. Sasa ananilipa."

"Nilianza kunuka baada ya kuoshwa," Salima alisema. Sauti yake haikupanda. "Siku saba za kufundwa, siku ya saba ndiyo ikaanza. Ukaniosha zaidi, ikazidi. Ukaniosha tena. Mutoto akatoka, ukasema tumbo langu chafu. Nilikusikia ukimwambia jirani."

"Nilisema kweli."

"Basi maji iko safi. Chovya mkono."

Batuli alicheka. "Unanipima mimi?"

"Mkono tu. Mimi nimechovya kwingine."

Shafii alisema, "Acheni." Alisema kwa sauti ya chini, na hakuna aliyemsikiliza. Batuli aliweka waya chini, akasimama, akasogea kwenye meza. Alitoa yai kwa vidole viwili, akaliweka pembeni, kisha akatumbukiza mkono wa kulia ndani ya kopo hadi kifundo. Maji yalimwagika mezani.

"Haya," alisema. "Naona nini? Inateleza tu. Kama sabuni."

"Ni ngozi yako ndiyo inageuka sabuni," Shafii alisema. "Toa mkono."

"Sitoi. Asije akasema niliogopa."

Salima alikuwa akihesabu, midomo inasogea bila sauti. Alipofika tisini Batuli aliacha kuongea. Alipofika mia na ishirini jasho lilikuwa limemtoka juu ya mdomo. Mkono haukutoka. Shafii ndiye aliyemshika kwenye kiwiko na kuuvuta, akampeleka kwenye pipa la maji ya mvua na kumwagia kopo baada ya kopo, bila kukoma, kama alivyomwagiwa yeye mwenyewe mwaka ule. Ngozi kati ya vidole ilikuwa imekuwa nyekundu na laini. Batuli alitazama ukuta. Hakulia na hakuomba radhi.

"Siku ngapi?" Shafii alimuuliza mke wake, bado anamwaga.

"Miaka miwili na miezi mitano."

Siku hiyo hakupika sabuni. Kabla ya sala alitoboa mfuniko wa pipa la majivu na upande wake, akapitisha mnyororo, akafunga kufuli. Ufunguo aliuvaa shingoni.

Batuli hakuzungumza na Salima tangu siku hiyo. Kwa majirani alisema ameungua na chai. Kwa Shafii alisema kwamba mwanaume anayefunga pipa kwa sababu ya bafu la mkewe hana tena mtu wa kumlea, na kwamba atarudi kwa ndugu zake Nyanza-Lac mkono ukipona. Shafii alijibu kwamba gari zinapita kila saa. Batuli hakuondoka.

Salima alimeza vidonge vyake vya kwenye bahasha, siku saba, bila kuruka. Alioga kwa maji matupu. Hakuna aliyesimama nje ya bafu.

*

Jumatatu tarehe 30 Septemba, saa tatu na robo asubuhi, Joanita alishika karatasi karibu na dirisha na kusubiri dakika nzima. Ilibaki manjano. Michubuko ilikuwa imefunga. Damu ilisoma tisa na nukta nne. Bado haitoshi, na aliandika hivyo. Mimba ilikuwa ya wiki thelathini. Moyo wa mtoto ulipiga mara mia na arobaini na sita kwa dakika.

"Imepita ile wiki," Salima alisema.

"Imepita. Zimebaki saba ili tuseme ametimia. Siwezi kukuahidi hizo saba. Nyumbani wamekuruhusu kula ndagala?"

"Shafii analeta kutoka sokoni. Ninapika mwenyewe. Shangazi anaondoka jikoni nikianza."

"Endelea kupika."

Saa saba mchana, siku hiyohiyo, Salima alikuwa ameketi mkekani, Shafii ametoka msikitini. Batuli alitoka jikoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado umefungwa kitambaa. Kwa mkono wa kushoto, bila salamu na bila kumtazama, aliweka mbele ya Salima sahani ya bugali na ndagala zilizokaangwa kwa mawese, pamoja na vichwa vyake. Kisha akarudi jikoni.

Salima aliivuta sahani karibu, akasema bismillahi, akala yote.