Mzee Mashavu na Hewa ya Chumbani

Joto la chumba kile halikuwa la kusimuliwa na mtu mmoja. Mshumaa uliosahauliwa juu ya kabati ulikuwa umeinama mpaka kichwa kikagusa miguu, kama mtu anayetafuta sarafu aliyoiangusha. Mzee Mashavu alipenda kuapa kwamba aliwahi kuingia humo na yai bichi mfukoni, akatoka na kifaranga. Kifaranga mwenyewe, alisema, aliomba maji.

Mkewe hakucheka. Joto likizidi, mzee hukimbilia viti vya mbele. Aliyebaki akiiva ni yeye.

Walikuwa wamestaafu wakahamia kwenye trela la kuishi: kijumba kirefu cha bati juu ya magurudumu, jiko na viti mbele, kitanda nyuma, na katikati mlango mwembamba ambao Mzee Mashavu aliupita kwa ubavu. Kiyoyozi kilikaa juu ya paa, upande wa jikoni. Pale jikoni kilipuliza mpaka siagi ikagoma kupakwa. Lakini hewa hiyo hiyo, ikishapita darini kwenda chumbani, ilifika imechoka kama mgeni aliyekuja kwa miguu. Inabisha hodi, inakaa, haina la kusema.

"Na wewe njoo ulale kwenye viti," mzee alikuwa akimshauri.

"Na mgongo wangu ulale wapi?"

Basi asubuhi moja mama huyo akatoka chumbani amelowa kama aliyenyeshewa, taulo shingoni, begi mkononi. Akalitua karibu na mlango wa nje, puu!

"Mzee, nimempigia simu mdogo wangu. Mchana anakuja na gari. Nakwenda kukaa kwa binti yetu, na hili kopo lako tafuta wa kumuuzia."

"Unatania."

"Mimi na wewe nani mtani?"

Mzee akalitazama begi. Zipu ilikuwa imefungwa mpaka mwisho. Akahisi maji yamemfika shingoni. Marafiki wa zamani walikuwa wameshazisikia hadithi zake zote, wengine wameanza kuzimalizia kabla yake. Msikilizaji aliyebaki alikuwa mmoja, naye ndiye huyo anayeondoka. Utamdanganya nani ndani ya bati tupu?

"Nipe mpaka mchana," akasema. "Hewa naijua. Hewa ndiyo iliyonilisha."

Hapo hakuongopa. Alikuwa amepiga tarumbeta kwenye bendi tangu kidevu hakijaota kitu, mpaka mashavu yakapanuka yakampa jina. "Tarumbeta likikataa kulia," alizoea kusema, "usililaumu. Tafuta linapovuja."

Akachana ukanda wa karatasi ya chooni, akaushika chini ya kitundu cha hewa cha jikoni. Ukapepea kama bendera siku ya gwaride. Akaenda nao chumbani, akaushika chini ya kitundu cha juu ya kitanda. Ukaning'inia wima, haukutikisa hata ncha.

"Umekufa," akasema mama.

"Umezimia tu."

Akapanda stuli, akafungua kifuniko cha dari chini ya kiyoyozi, skrubu akizibana midomoni. Ndani akakuta sanduku. Upande mmoja hewa baridi inashuka, iingie kwenye bomba la darini. Upande wa pili kiyoyozi kinavuta hewa ya chumba ili kikaipoze. Na katikati, mahali panapotakiwa ukuta, palikuwa na kipande cha ubao kilichoishia nusu, na pengo la kupitisha paka mwenye mimba.

"Njoo uone maajabu!" akaita. "Kiyoyozi kinameza pumzi yake chenyewe! Kinapuliza hapa, kinavuta papo hapo. Wewe chumbani unaletewa makombo."

"Mimi nataka hewa, Mzee, sitaki mhadhara."

Akakata ubao mgumu wa kuziba pengo. Akautia utepe wa fedha, ule wa mafundi wa friji, akaupitisha kwenye kila ufa, kwenye kila kiungio cha bomba, mpaka ndani pakang'aa kama meno ya tajiri. Vitundu vya jikoni akavifunga nusu. Akarudi chumbani na ukanda wake. Ukapepea! Mama akaufunga mlango ili ajaribu vizuri, na ukanda ukanyong'onyea tena.

Mzee akakaa kitandani, akajaza mashavu, akayapiga kwa viganja, pu. Akaruka.

"Shavu lililojaa halipulizwi! Hewa inaingia, haina pa kutokea. Lete msumeno."

"Unataka kunikatia mlango wangu?"

"Chini tu. Vidole viwili."

Mlango ukang'olewa, ukalazwa, ukakatwa, ukarudishwa umepungua kimo kama mzee mwenyewe. Safari hii, mlango ukiwa umefungwa, karatasi iliruka ikamganda mama kwenye paji la uso. Mama akaibandua. Akajilaza. Baada ya kitambo akasema, macho yamefumbwa, "Mzee, lete shuka."

Hakuna wimbo aliowahi kuusikia Mzee Mashavu uliouzidi utamu ule. Akalileta akitembea kwa mapozi.

"Begi nilifungue?"

"Nilale kwanza. Nikiamka bado ni mtu, tutaongea. Funga mlango."

Akaufunga. Hata stuli hajairudisha mahali pake, shemeji yake akaingia, funguo za gari zikimlia kidoleni.

"Dada yuko wapi? Gari nimeliacha linanguruma."

"Dada yako amelala. Amejifunika shuka."

"Shuka? Si alisema anaiva?"

Ulimi wa Mzee Mashavu haukuwahi kuuona ushindi ukaacha kuupanda mgongoni. Akammiminia shemeji glasi ya maji. Huku mbele sasa hewa ilikuwa imepungua, na jasho limeanza kumtambaa, hivyo akapanda juu ya stuli, kipara chini ya kitundu cha dari, apate japo kile kilichobaki. Akautupia jicho mlango uliofungwa.

"Shemeji, nikupe siri. Unadhani nimeligundua leo lile pengo? Nililijua tangu siku tunahamia."

"Acha wewe!"

"Niliacha makusudi. Mwanamke akilowa jasho hana nguvu ya kugomba. Ndiyo siri ya ndoa hiyo, kaitunze. Leo nimemfungulia kidogo tu, kama peremende. Akinisumbua, nabandua utepe."

Shemeji akacheka mpaka glasi ikatikisika. "Dada asikusikie!"

"Asikie wapi? Mlango umefungwa, na sikio lake la kushoto lilistaafu kabla yangu."

Juu yao dari ikakohoa.

"Endelea, Mzee," dari ikasema. "La kulia bado liko kazini."

Maji yote ya glasi yakaishia mapajani kwa shemeji. Mzee Mashavu akainua uso polepole, akatazamana na kitundu.

"Miaka yote ile unapuliza bomba," kitundu kikaendelea, "hukujua bomba linapeleka na sauti?"

Njia ya mwongo ni fupi. Hii ilikuwa na urefu wa trela tu, tena mwenyewe ameiziba kila ufa, kisipotee njiani hata kijineno.

"Mdogo wangu!"

"Naam, dada!" Shemeji akasimama wima, suruali ikichuruzika, macho darini kama anayeapishwa.

"Begi liko mlangoni. Lipeleke garini."

Shemeji akamtazama mzee, akaitazama dari, akaona ya dari ndiyo amri. Akalinyanyua begi. Mzee Mashavu akaushika ukingo wa kitundu kwa vidole vyote, akaubandika mdomo.

"Mke wangu. Nilikuwa naongopa."

"Lini? Sasa hivi, au ulipomsimulia mdogo wangu?"

"Nilipomsimulia yeye! Sikujua kitu. Ningejua ningekuacha uive, na mimi nafukuzwa na joto hilo hilo mpaka kwenye viti? Nimehangaika leo kwa sababu nimeliona begi." Akameza mate. "Ukienda nitamsimulia nani? Huyu ndugu yako anacheka kabla hadithi haijafika kwenye kucheka."

"Nasikia, shemeji!" akasema shemeji pale mlangoni.

Mzee akatega sikio kitunduni. Hewa tu ikawa inapita.

"Mdogo wangu," dari ikasema mwishowe, "rudisha begi. Nimeteseka siku zote hizo, chumba kimepoa leo, halafu niondoke? Siendi popote. Wewe nenda kabadilishe suruali." Shemeji hajapumua, ikaongeza: "Lakini yeye humu haingii."

Kitasa cha chumbani kikalia, kwa ndani.

Shemeji akaondoka akicheka njia nzima, na mzee akabaki peke yake jikoni. Jua lilikuwa utosini. Mahali ambapo jana siagi iligoma kupakwa, leo ilikuwa inaogelea kwenye kisahani. Hewa yote alikuwa ameituma chumbani, bila kujiachia hata nauli.

"Mama," akaita kwenye kitundu, "huku kuna joto."

"Pole. Mwanamume akilowa jasho hana nguvu ya kuongopa. Ndiyo siri ya ndoa hiyo."

Mzee akajipangusa kipara. Akashuka, akaketi juu ya stuli, akajipepea kwa kifuniko cha sufuria. Shati lilikuwa limemganda mgongoni wakati dari ilipomwita, sauti imepungua ukali.

"Mzee."

"Naam."

"Yule kifaranga wa kwenye yai. Aliomba maji. Halafu?"

Mzee Mashavu akapanda stuli haraka mpaka ikayumba. Akavuta pumzi, mashavu yakajaa.

"Halafu nikampa ya kwenye jagi la humo humo chumbani. Akaonja. Akanitazama hivi, jicho moja. Akasema, 'Babu, chai nimeshukuru. Sasa hayo maji yako wapi?'"

Ndani ya bomba kukaanza kitu kama chafya, kikakua, kikaja kikigonga kona za dari, mpaka kicheko kizima cha mama kikamwagika juu ya kipara cha mzee, kibaridi kidogo kwa sababu ya njia kilimopita.

Kitasa kikalia tena.

Mzee akaupita mlango kwa ubavu, akajilaza ukingoni mwa kitanda, akafumba mdomo kabisa. Hewa ilikuwa nzuri, hakutaka ivuje.