Maji ya Treni

Mdogo wangu Malachie aliondoka Kamina akiwa bado anacheza mpira bila viatu. Timu moja ya Ubelgiji ilimchukua, na tangu hapo mama alisikia jina lake kwenye redio tu.

Mwaka wa 1957 timu hiyo ilikuja kucheza Elisabethville, na kutoka kule ingerudi Ulaya kwa ndege. Wakiwa njiani kwenda kule, treni yao ingesimama Kamina hadi mashine ya mvuke ijae maji, basi. Kazi ya kujaza maji ilikuwa yangu.

Malachie akashuka, amevaa koti zito. Mama akamshika mashavu. Wenzake wa zamani walikuwa wameleta mpira.

"Vua viatu, Muzungu," akasema Constant, golikipa wetu. "Tuone kama iko weye kweli."

Akavua. Hatua chache juu ya kokoto za reli, akasimama na kukunja uso. Watu wakacheka, naye akacheka, kisha akaketi kwenye sanduku.

"Yaya, miguu yangu imekuwa ya mutoto," akaniambia mimi mkubwa wake. "Lakini kila usiku ninaota kiwanja chetu, hata vumbi lake."

Mama akapiga magoti, akaanza kumpangusa nyayo kwa kitenge chake, polepole, kama zamani kabla hajamlaza.

Tangi lilikuwa limejaa. Dereva akanipungia mkono nifunge bomba. Niligeukia upande mwingine. Maji yakafurika, yakateremka hadi kwenye reli, dereva akinitukana kwa Kifaransa, na mama alikuwa bado hajaufikia mguu wa pili.